Masika na Biira

Mama hakuyajua majina ya kitabuni.
Vichaka viwili nyuma ya jiko letu, Kilembe,
aliviita kama alivyotuita sisi binti zake:
kirefu Masika, kwa kuwa kilitangulia kuota,
kifupi Biira, kilichofuata.
Mimi ni Kabugho, wa tatu. Sikupata kichaka.

Sokoni Kasese vyote viwili ni mujaaja,
fungu shilingi mia tano, na muuzaji hataki maswali.
Lakini shika shina la kila kimoja, lizungushe vidoleni:
pembe nne huku, pembe nne kule.
Hapo utajua tumbo ni moja.
Baada ya hapo kila mmoja na lake.

Masika ana jani pana, ukingo wa msumeno,
malaika laini kama shingo ya ndama.
Ukilifikicha, karafuu,
na vidole vyako vinanukia mpaka jioni.
Jani la Biira halizidi ukucha wa kidole gumba.
Harufu yake inapanda puani kama kafuri,
kama sanduku la nguo ambalo hakuna anayetaka kulifungua.
Masika akikauka anasahaulika, majani matupu.
Biira akikauka ndiyo kwanza anaanza kusema.

Masika unamtia konzi nzima, birika zima linachangamka.
Biira, majani matatu.
La nne ni dawa, alisema mama, la tano ni ugomvi.

Tulimpenda Masika. Nani asingempenda?
Wageni walipewa yeye, na sukari,
na kikombe chenye mkono usiovunjika.
Biira alichemshwa usiku wa manane
mtu akikohoa, na hakuna aliyeshukuru.

Kisha mwezi wa tano Nyamwamba ikashuka gizani
ikiviringisha mawe makubwa kuliko jiko lenyewe.
Masika yakamchukua Masika.
Nilipompigia dada mwenye jina hilo, yuko Kampala,
alicheka, akacheka tena,
halafu akanyamaza hadi laini ikakatika.
Mama alitoka na birika na kiatu kimoja.

Miezi minne tukakaa kwa watu, tukinywa majani ya dukani,
yale ya vifuko vyenye uzi.
Niliporudi kutafuta mpaka wa kiwanja
nilikuta mawe tu, meupe, yamejipanga kama hayana kosa.
Katikati yake, kijani kidogo.
Shina limechubuka upande mmoja.
Nililizungusha vidoleni, nikahesabu pembe.
Sikuhitaji kunusa, lakini nilinusa.

Nilichuma matatu.
Mama alikunywa, akakunja uso.
"Huyu si Masika."
"Siye, mama."
Akaangalia ndani ya kikombe muda mrefu,
kama anayesoma barua ya mtu aliyemsahau.
"Ongeza maji," akasema.

Siku hizi natia jani la nne.
Hajaniuliza.