Kosa la Uchapaji

Wakili Rwehumbiza ameleta kurasa sitini na tatu.
Anataka nakala saba, zipigwe spairo, kabla ya saa kumi na moja.
Steshenari yangu iko Mtaa wa Mkwepu,
mlango wa tatu ukitoka kwa fundi saa.
Feni inapeperusha ibara.
Ya sita nimeikandamiza kwa stepla,
ya kumi na mbili kwa kikombe cha chai.

Anasema kesi hii haiishii Kivukoni;
inapanda basi hadi Arusha,
na huko dola husimama kama mdaiwa yeyote,
huulizwa jina, huambiwa ikae.
"Hapo uandike vizuri," ananionyesha kwa kidole:
*sheria iliyo juu ya mipaka.*
Ninachapa. Neno "juu" linanikwaza.
Juu wapi? Juu ya dola mimi nimewahi kuona
kunguru tu, na minara ya simu.

Lakini katiba nazijua.
Nimechapa za vikoba, za timu za mchangani,
ya wauza mitumba wa Karume,
ya kwaya iliyogawanyika kwa sababu ya kinanda.
Zote huanza na "Sisi",
na ndani ya kila "sisi"
kuna mweka hazina anayeshukiwa.

Mwaka ule wa mafuriko nilichapa ya kwetu,
Kufa na Kuzikana, Keko Machungwa,
ibara kumi na moja, karatasi nne mbele na nyuma.
Ibara ya tatu katibu aliiandika kwa mkono:
*Mwanachama awe mwananchi, alipe ada, ahudhurie msiba.*
Umeme ulikuwa unakwenda na kurudi.
Nikachapa *mwanadamu*.
Hakuna aliyeona mpaka nakala arobaini zimeshalipiwa.
Kamati ikakaa. Ikapiga hesabu ya wino.
Ikasema: iacheni hivyo hivyo.

Kwenye mwanya huo akapita Ndikumana, fundi samani,
aliyezaliwa kambini, akavuka, akavuka tena;
nchi tatu zilimjua kwa faili
na hakuna iliyomjua kwa jina.
Maharusi wa Tandika, wagonjwa, wapangaji wa chumba kimoja,
wamelala juu ya mbao zake
bila kuuliza zimetoka nchi gani.

Alipofariki, Agosti, kwenye dirisha la mochwari
karani aliuliza uraia.
Kalamu ikasubiri juu ya kisanduku.
Tulikuwa tisa, na jeneza alilolipiga mwanafunzi wake,
na gari la kukodi linalohesabu dakika.
Bi Shukuru, mweka hazina, akafungua mkoba,
akatoa katiba, pembeni imeloa mafuta ya maandazi,
akasoma ibara ya tatu kwa sauti ya mahakamani.
Karani akaipokea. Akaisoma mwenyewe. Akaisoma tena.
"Hii imesajiliwa wapi?"
"Kwenye daftari la mahudhurio," akajibu.
"Misiba kumi na saba. Hakukosa hata mmoja."

Sijui sheria ilisemaje.
Najua karani aliandika kitu kifupi ndani ya kile kisanduku,
akagonga muhuri,
na hatukukisoma hadi tumefika makaburini:
*wa Keko.*

Saa kumi na moja wakili amerudi.
Anapekua, analamba kidole, anapekua.
Ukurasa wa arobaini na moja anasimama.
"Hapa niliandika *raia*. Umechapa nini?"
Ninainama kuangalia. Feni inafika kona, inarudi.
Nyuma yake mtoto wa shule ananyoosha mia mbili,
anataka karatasi za mistari.
"Nifute?" ninamuuliza.
Hajibu. Ameishika kalamu nyekundu
kama yule karani, hewani.