Mkate wa Matanga

Wameondoka. Maturubai yamekunjwa,
viti vya plastiki vimerudishwa kanisani, vitatu vimevunjika miguu,
na jikoni, juu ya gunia la mchele lililobaki robo,
imepangwa mikate kumi na saba.

Kila aliyekuja kutupa pole alikuja na mkate.
Wa Igogo, wa Nyakato, jirani tusiyesalimiana naye,
hata yule fundi aliyekuwa akimdai baba pampu ya injini
aliuweka mkate wake mezani, akanyamaza kuhusu pampu.

Siku ya nne mkate unakauka.
Ukiugonga, unajibu kama mlango.

Shangazi Milembe anasema tuwape kuku.
Kuku gani, shangazi?
Mwenye kuku tumemzika,
na kuku wake tumewala na wageni.

Basi nachukua kisu. Mikate sita kwanza.
Ganda siliondoi; baba alikuwa akisema
anayetupa ganda hajawahi kulipa deni.

Maziwa ni ya yule mama wa Usagara, anayeteremka na alfajiri,
maziwa kwenye chupa za maji, yananuka ng'ombe na njia ndefu.
Mayai manane. Sukari ipo, kilo tisa,
nayo pia ni rambirambi.
Iliki naiponda kwa mpini wa kisu.
Zabibu kavu sina, bei yake inaishi Capri Point.
Nina michembe ya bibi kutoka Magu, migumu kama kucha.
Nailoweka kwenye chai ya moto
mpaka ikumbuke kwamba ilikuwa viazi.

Halafu mkate unaingia kwenye maziwa, na hapa usiharakishe.
Ubonyeze kwa mgongo wa kijiko: unatoa vipovu,
kimoja, kimoja, kama mtu anayeanza kusinzia.
Unakunywa. Unavimba. Unakubali.
Huu wa Igogo, huu wa jirani, huu wa fundi,
sasa siwezi kusema upi ulitoka kwa nani.

Umeme umekatika tangu saa nane,
na oveni hatukuwa nayo hata ulipokuwepo.
Sufuria jikoni, makaa machache chini,
makaa mengi juu ya mfuniko.
Alinifundisha yeye, mtu wa grisi na spana,
aliyepika Jumapili moja kwa mwezi
na kutaka sote tukae tumwangalie.
"Moto wa chini unashika," alisema,
"moto wa juu unapamba. Ukikosea, usimlaumu mkaa."

Nje, mawe ya Mabatini yanarudisha joto la mchana.
Wadudu wa ziwani wamepanda mlima, wingu zima,
wanajigonga kwenye chemli. Nafunga dirisha kwa khanga.

Nusu saa. Siinui mfuniko.
Harufu ndiyo inayoinuka yenyewe,
inapita sebuleni, inapita picha yenye utepe mweusi,
inabisha chumba cha mwisho,
na Lugembe, ambaye tangu Jumamosi hajasema neno,
anatokea na sahani mkononi.
Hasemi. Amesimama tu na sahani.

Shangazi anaonja.
"Huu ni uji uliokosa adabu," anasema,
anaongeza kijiko. Anaongeza kingine.
Kisha anaanza kukwangua kando ya sufuria,
krrr, krrr, kijiko na bati,
na sote watatu tunageukia mlangoni,
kwa sababu ukoko ulikuwa wake,
na kwa sauti hiyo hajawahi kuitwa mara mbili.

Kijiko kimesimama hewani.
"Sasa huu," anasema shangazi, "anakula nani?"

Lugembe anasogeza sahani.
"Tugawane," anasema, sauti imekauka kama ganda.

Tunagawana. Umeungua kidogo upande mmoja;
simlaumu mkaa.

Kesho nitamsubiri yule mama wa maziwa.
Bado kumi na moja.