Aya ya Tatu

Saa kumi na moja alfajiri tarumbeta hulia kambini,
na mimi, raia wa chumba kimoja Kahawa Magharibi,
nimeshasimama wima kando ya kitanda
kabla akili haijanikumbusha kwamba siye ninayeitwa.
Mkawasi hujifanya amelala.
Ni heshima anayonipa, naijua.

Barua yao ina mistari minne.
Jina, cheo, namba, sababu:
utovu wa nidhamu unaohusiana na dawa za kulevya.
Miaka kumi na mmoja ya utumishi
haikupata hata koma.

Leo tuko Biashara Street, orofa ya nne, lifti imekufa.
Wakili Nekoye amevua viatu chini ya meza,
anadhani sijaona.
"Chupa," anasema, "ndiyo kesi yetu."
Daftari la kambi linasema arobaini na moja,
karatasi ya maabara, arobaini na saba.
Mtu fulani aliandika moja yenye kofia,
"na katika pengo hilo, Koplo,
lori zima la jeshi linapita."

Bado ananiita Koplo. Nimemwacha.

Anachapa upesi. Aya ya kwanza. Ya pili.
Aya ya tatu:
*Kwamba mkojo uliopimwa haukuwa wangu.*
Anageuza kompyuta niisome.

Ulikuwa wangu.

Ulikuwa wangu, Bi Nekoye, na bangi ilikuwa yangu,
niliinunua kwa pesa ya unga
nyuma ya gereji moja Githurai,
imefungwa kwa gazeti la juzi.
Sikuvuta kwa starehe.
Sitasema pia kwamba ni uchungu,
neno hilo limeshavaliwa na wengi, limepwaya.
Nilivuta kwa sababu Ekidor alikuja kila usiku
akaketi juu ya ndoo ya maji
akauliza, "Saa ngapi?"
Basi. Hakuwa na damu wala lawama.
Alikuwa na saa yangu mkononi,
ile niliyomwazima asubuhi ya bomu la barabarani.
Nikivuta, haji.
Niambie hilo linakaa aya gani.

Anatafuta viatu kwa vidole vya miguu.
"Wale hawapimi ndoo," anasema. "Wanapima chupa."
Halafu, kama mtu aliyekumbuka kuacha jiko likiwaka:
"Daktari wa kambi je? Ulimwambia?"
Nilimwambia. Aliandika *usingizi haba*,
akanipa vidonge sita vya kichwa.
"Karatasi iko wapi?"

Usiku tumepindua sanduku la bati, godoro, mifuko ya koti.
Mkawasi haniambii kwamba njia ya mwongo ni fupi.
Anasema, "Kodi ya mwezi huu bado,"
na, baadaye, "Hiyo ya chupa si ingetosha?"
Simjibu. Angekuwa na haki hata nikimjibu.
Ni yeye aliyeipata, ndani ya kadi ya kliniki ya Zighe:
tarehe, sahihi, *usingizi haba*,
na nyuma yake, kwa kalamu nyekundu,
mbuzi mwenye miguu sita.

"Mbuzi ataingia mahakamani," anasema wakili,
na ni mara ya kwanza namwona akicheka.
Hacheki aya ya tatu inapobadilika.
*Kwamba mkojo ulikuwa wangu.
Kwamba niliomba msaada kabla ya kuvunja amri.
Kwamba adhabu naikubali, ila si jina mliloniandikia.*
"Tunaweza kushindwa," anasema.
Tumebakiza siku tano.

Kamishna wa viapo ana kibanda chini ya ngazi,
mia mbili kwa kila muhuri.
Hasomi. Anapuliza wino, anagonga, anagonga tena,
na bila kuinua macho ananiuliza,
"Saa ngapi sasa?"

Mkono wa kulia unaenda wenyewe kwenye kifundo cha kushoto.
Hapana kitu pale, ngozi tu,
ile sehemu ambayo jua halikuwahi kuichoma
imeshaanza kufanana na mkono mzima.

"Sijui," nasema.
Kwa kiapo.