Kopo la Masengo

Tulipaswa kutoka Katuba saa kumi na moja alfajiri.
Saa tatu Kapend bado alikuwa chini ya basi,
miguu tu inaonekana, na sauti ikiomba spana.
Wamama ishirini na wawili, vitenge vya sare,
Bikira amechapwa mgongoni,
tukaanza rozari kwa mara ya pili
ili tusianze kusemana.

Mimi ndiye mwenye bahasha ya michango.
Nilikaa mbele. Masengo, mdogo wangu,
alipita kwenda nyuma na kikapu cha chikwanga.
Hakunisalimu, nami sikumsalimu.
Mwaka na miezi minne tangu matanga ya mama.
Padri Kishimba anajua, ndiyo maana aliandika
majina yetu yakifuatana kwenye orodha:
mafungo ya Ndola, ng'ambo ya mpaka,
siku tatu za kimya kwa masista.
Kimya! Nilicheka moyoni. Kimya tunacho tayari,
sisi wawili tungeweza kukiuza kwa kilo.

Kasumbalesa.
Malori hadi macho yanapochoka.
Shaba imelala chini ya turubai, bamba juu ya bamba,
inasubiri kama sisi, ila yenyewe ina bima.
Dereva mmoja wa Dar alikuwa akikaanga mayai kando ya tairi.
"Shikamoo mama. Mna muda gani hapa?"
"Saa sita." Akacheka.
"Mie leo siku ya tisa."
Kiswahili chake kimepigwa pasi,
chetu kina mikunjo na vumbi jekundu,
lakini yai alilonipa halikuhitaji mkalimani.

Kisha akaja afisa wa afya, kalamu sikioni:
abiria mmoja hana kadi ya njano.
Hata kabla hajataja jina nilijua,
na nikafurahi. Naiandika hivyo hivyo: nikafurahi.
"Basi zima linakwama kwa ajili ya mtu mmoja,"
nilisema, kwa sauti ya kufika siti ya nyuma.

Akatumwa kijana wa pikipiki hadi nyumbani kwake, Kenya
(Kenya yetu, ya pale sokoni, si ile ya Nairobi),
kilomita tisini kwenda, tisini kurudi,
na mvua ikamkuta njiani.
Tulilala tumekaa. Mtu fulani alikoroma zaburi nzima.

Usiku wa manane akarudi, ameloa chapachapa.
Hakujua kadi ni ipi, basi alibeba kopo lote:
kopo la biskuti la mama, kifuniko chenye picha ya farasi.
Masengo alikuwa amelala. Likaishia mapajani mwangu.
Kadi niliiona upesi.
Ningelifunga.

Chini ya kadi, risiti za hospitali.
Damu, chupa mbili. Picha ya kifua.
Kitanda, siku arobaini na moja.
Zote zimelipwa, mlipaji mmoja, wino umefifia.
Na karatasi ya kuuza cherehani yake.
Ndizo zile fedha ambazo mbele ya watu wa matanga
nilisema amezila.

Nilisoma kwa tochi ya simu hadi betri ikafa.
Nikaendelea kusoma gizani.

Ndola tulifika siku ya tatu, saa nane mchana,
masista wanakunja viti.
Padri wa pale, mtu mpole, alitupa chai,
baraka ya haraka, na mishumaa iliyobaki,
vipande vya urefu wa kidole.
"Poleni, mama zangu. Mafungo yamewapita."
Mama Ngalula akalia. Kapend akatazama saa.

Nilimpelekea Masengo kopo lake nje, penye bomba.
Alilipokea, akapapasa ukingo.
Kifuniko kile, tangu utoto wetu,
kikishafunguliwa na mkono mgeni hakikai sawa.
Akanitazama.
Neno lilikuwa limefika kwenye meno,
likasimama hapo, nyuma ya malori yote yale.

Yeye akamega chikwanga, imeanza kuchacha,
akanipa upande mkubwa.
"Kula," alisema. "Kurudi ni njia ile ile."