Desibeli Sita

Eelis ameleta televisheni nyembamba kama ukurasa,
ameiegemeza ukutani palipokuwa na ile ya kisogo,
na anauliza, "Sanduku hili la babu tulitupe?"

Sanduku ni amplifaya nyeusi ya mwaka wa tisini na tisa,
nzito kama mtoto aliyegoma kutembea.
Spika tano zimeizingira sebule.
Ya sita, ile ya besi, imejibanza nyuma ya kochi;
baba aliianikia soksi.

Nje, Kemi yote imefunikwa theluji.
Nikasema: ngoja kwanza. Nipe tochi.

Nyuma ya mashine kuna mji usio na ramani:
matundu mekundu, meupe, ya manjano,
na kila waya umefungwa kikaratasi,
mwandiko wa baba, penseli, herufi kubwa:
MBELE KULIA. KATI. NYUMA KUSHOTO.
Na kimoja kisicho na waya: USIGUSE.

Televisheni mpya haina tundu jekundu hata la dawa.
Tukaigeuza huku, tukaigeuza kule,
mpaka Eelis akaona, pembeni kabisa,
kijilango cha mraba kinachopitisha mwanga.
Mashine ya baba nayo ilikuwa nacho,
kimezibwa kizibo ambacho hakijawahi kung'olewa.
Robo karne kinamngoja mgeni.

Waya wenyewe hauna shaba. Ni uzi tu,
na nuru nyekundu inachungulia nchani.
Yuro tisa, dukani karibu na stesheni.
Tukauchomeka. Ta!

Kimya.

Taa ziliwaka, namba zikapepesa, lakini kimya.
Televisheni ilikuwa inasema lugha ya juzi,
mashine inajua ya zamani tu,
na kati yao mwanga unapita bure, kama barua
kwa mtu asiyesoma.
Eelis akataka kikongwe ndiye ajifunze.
Nikamwambia: mwanangu, mdogo ndiye huamkia.
Tukaingia kwenye menyu ya televisheni,
tukashuka, tukashuka, hadi neno la mwisho,
lile ambalo vijana hawalichagui,
na televisheni ikaamkia.

Mvua ikanyesha sebuleni.
Sijui filamu gani; ilikuwa mvua tu,
imeanzia dirishani, ikatupita juu ya vichwa,
na ilipofika nyuma kushoto ikamwagika kama ndoo.
Eelis akaziba sikio. "Imeharibika hiyo."

Rimoti ilikuwa na plasta mgongoni.
Nikafungua mipangilio, kurasa za kijani, polepole.
Umbali: mbele, mita mbili na nusu.
Nyuma, mita moja na kitu.
Umbali hadi wapi? Nikapima kwa macho.
Hadi kiti chake. Hadi kichwa chake.
Mashine bado ilikuwa inajua alipokuwa akikaa.

Nguvu: kati, sufuri.
Kulia, mbele na nyuma, sufuri.
Mbele kushoto, tatu juu.
Nyuma kushoto, desibeli sita.

Miaka thelathini na mmoja kiwandani,
mashine ya karatasi ikiunguruma kushoto kwake,
na kila alipopimwa alirudi akisema, "Mzima kama kengele."

Krismasi ile niliketi kushoto kwake.
Nilimwambia kwa sauti ya chini, mama asisikie,
kwamba nimemwacha Kalervo, na kwamba naogopa.
Akaendelea kupaka mkate siagi,
akafika kwenye pembe, akaigeuza, akapaka na huko.
Miaka miwili sikumpigia simu.

Aliweza kuiambia mashine.
Usiku, pengine, peke yake, akibonyeza
moja, mbili, tatu,
akiinua upande mmoja wa dunia
hadi ukalingana na wa pili.

Mvua ya filamu ilikuwa bado inanyesha.
Eelis ameshika rimoti, kidole kiko tayari.
"Mama, niirudishe sufuri?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti.
Akadhani sijasikia.
Akazunguka, akaja upande wa kulia, akauliza tena.