Yatagawanywa

Katiba nne za chama cha wakulima wa zabibu, Hombolo,
nilikabidhiwa ndani ya kreti, kama zabibu zenyewe:
ya chini imekwisha kupondeka.
Ya sitini na tisa, ya taipureta, herufi "o" zimetoboa karatasi.
Ya sabini na nane. Ya tisini na mbili, yenye kutu ya pini.
Ya elfu mbili na kumi na moja, ya kompyuta, haina harufu.
Katibu, Elieza Masagasi, akasema:
Tunaandika ya tano. Tuambie tu hizi zimebadilika wapi.

Chumbani kwangu Nkuhungu, upepo wa Julai ukisukuma bati,
nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa
nikaiambia mashine: hesabu.

Mashine haina haya. Haijui bei ya mchuzi wa zabibu,
haijui nani alikosana na nani kwa ajili ya pampu.
"Kamati," ikaniambia, mara nne, mara kumi na moja,
mara thelathini, mara sitini na mbili.
"Zabibu," ishirini na sita, kumi na tisa, tisa,
kisha mbili,
moja ikiwa ndani ya jina la chama.

Lakini Kiswahili huficha watu tumboni mwa kitenzi,
na programu hii ililelewa na lugha nyingine:
"tutapanda," "tulipanda," "hatutapanda,"
kwake ni wageni watatu wasiojuana.
Usiku mzima nikaifundisha kumenya.
Vua nafsi, vua wakati, mbegu ndiyo hii.
Alfajiri nikayaona maganda, lundo zima,
nikajiuliza kwa nini nayatupa.

Nikayahesabu.

Ya kwanza: "tu" mia moja na saba.
Si ile "tu" ya basi, ya kidogo tu;
"tu" ya sisi.
Tutapalilia. Tutachimba mfereji.
Tutagawana mapato siku ya Jumamosi, mbele ya wote.
Ya pili: arobaini.
Ya tatu: kumi na tatu.
Ya nne, nikatafuta kwa mashine, kwa macho, kwa kidole,
kama atafutaye sindano kwenye mkeka.
Hakuna.
Palipokuwa na "tutagawana mapato"
pana "mapato yatagawanywa."
Kifungu hakikufutwa. Hakuna aliyenyoosha mkono kupitisha wizi.
Ni "w" iliyoingia kimya, karibu na irabu ya mwisho,
kama mtu aliyechelewa kanisani,
na mtenda akatokea mlango wa nyuma.

Jambo jingine, dogo.
Mwisho wa katiba ya kwanza pana dole gumba la Damari Nhonya,
wino wa zambarau.
Mashine ilijitahidi kulisoma. Ikaandika:
((@)8o)))
Kanuni ya kazi inasema takataka za namna hiyo zisafishwe.
Zisafishwe. Sikuzisafisha.

Oktoba tulikutana ghalani, kati ya kreti tupu.
Nikabandika grafu ukutani,
mstari wa "tu" ukishuka kama ndoo kisimani.
Mwenyekiti akasifu rangi.
Masagasi akauliza kama mashine inaweza kuiandika ya tano yenyewe,
tuokoe posho za vikao.
Vijana wakacheka, nami nikacheka, maana ndiye mlipaji wangu.

Foibe, mjukuu wa Damari, alikuwa ametoka kupogoa,
mkasi bado mkononi, majani kwenye kilemba.
Soma kifungu cha kumi na nne, akasema.
Nikasoma: Mapato yatagawanywa kila msimu.
Na nani?
Nikasoma tena, kwa sauti, nikidhani hakusikia.
Nimesikia, akasema. Na nani?

Vumbi likapita chini ya mlango.
Mwenyekiti akamtazama Masagasi,
Masagasi akanitazama mimi,
mimi nikaitazama skrini, nikachapa neno lake.
Jibu halikukawia.
"Nani": katika katiba zote nne,
sifuri.