Ukurasa wa Pili

Koplo Nabwire atufungulia kwa ufunguo wa mahabusu.
"Ndio uleule," acheka. "Kufuli hatujabadilisha."

Kofia nyekundu ya shada jeusi. Filimbi.
Pingu zilizoliwa na kutu,
nyembamba, kana kwamba za mtoto.

Mezani, daftari la matukio la Nsambya,
Kiswahili cha kambini, bila nukta:
*baiskeli moja nyeusi imeibwa Katwe
mwenyewe analia*

Nani aliona lazima aandike hilo, analia?
Mwandiko umelalia kushoto, kama wa baba,
Konstebo Etyang,
aliyetufokea kwa Kiswahili
na kutuombea kwa Kiteso.

Naomba kuona ukurasa wa pili.
"Hairuhusiwi kugusa."
Kisha Koplo ageukia dirisha, apiga mwayo,
mrefu,
wa kumtosha mtu kufunua karatasi.